Mbegu Nayo ni Chombo

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapokaribia na mawingu ya mvua yanapoanza kukusanyika juu ya Mlima Elgon, wakulima wa Trans Nzoia huingia mjini Kitale kununua mbegu za mahindi. Husimama dukani mmoja nyuma ya mwingine, fedha mkononi, na kila mmoja hutoka na mfuko wake. Mwenye kipande kidogo cha ardhi huchukua kilo mbili. Mwenye ekari moja huchukua kilo kumi. Jambo hili limekuwa la kawaida hata hakuna anayeliona kuwa la ajabu. Lakini kama mzee aliyefariki kabla ya mwaka 1964 angalifufuka akawaona wajukuu wake wamesimama pale, yamkini angaliuliza: “Je, kumekuwa na njaa ya namna gani hata watu hawana mbegu majumbani mwao?” Kwa maana zamani za mzee huyo, mtu asiye na mbegu alikuwa ni mtu aliyepatwa na msiba.

Watu wengi wasikiapo habari za ufundi mpya, ule ambao siku hizi huitwa teknolojia, hufikiri juu ya vitu vya chuma na umeme: garimoshi, trekta, simu na kompyuta. Ni mara chache mtu kufikiri juu ya punje ya mahindi. Hata hivyo punje iliyomo katika mfuko ule ni chombo kilichotengenezwa na wanadamu kwa makusudi, kama vile jembe lilivyotengenezwa na mhunzi. Tena habari zake zaonyesha, kuliko habari za mashine nyingi, jinsi chombo kipya kinavyoingia katika nchi, na jinsi kinavyobadili maisha ya watu hata katika mambo ambayo waliokitengeneza hawakuyafikiria.

MBEGU YA JIKONI

Mahindi si mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni bara la Amerika, na yasemekana kwamba Wareno ndio walioyaleta pwani katika karne ya 16. Watu wa pwani waliyaita mahindi, kana kwamba yametoka Bara Hindi, kwa kuwa vitu vingi vya kigeni vilikuja kwa majahazi kutoka upande huo. Huku bara chakula cha watu kilikuwa wimbi, mtama na mawele, na ilipita miaka mingi kabla mahindi hayajashika nafasi ya kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walileta mbegu za mahindi meupe kutoka Afrika ya Kusini, nazo zikaenea hata katika mashamba ya Waafrika.

Siku hizo kuweka mbegu ilikuwa kazi ya nyumbani, na mara nyingi ilikuwa kazi ya wanawake. Wakati wa mavuno mama wa nyumba aliyatazama mahindi moja moja. Yale yaliyokuwa makubwa, yenye punje zilizojipanga vizuri, na yenye maganda yaliyoifunika hata ncha, aliyatenga. Kisha aliyafunga pamoja kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya moto wa jikoni, ili moshi uyakaushe na kuwafukuza wadudu. Hakuna mtoto aliyethubutu kuyagusa, hata katika miezi ya njaa. Pengine mama yule hakujua kusoma, lakini alilijua shamba lake kama karani alijuavyo daftari lake. Alijua mbegu ipi ilistahimili jua la mwaka fulani, ipi iliangushwa na upepo, na ipi ilishambuliwa upesi na wadudu wa ghalani. Jirani aliyepungukiwa alikuja kwake kuomba, wala hakulipa fedha, bali alirudisha baada ya kuvuna.

Haifai kuzisifu siku hizo kupita kiasi. Mavuno yalikuwa haba, na mvua ikikosekana watu walikula mizizi. Mkulima wa zamani alikuwa na uhuru katika mbegu yake, lakini si kila mwaka alikuwa na shibe. Yeyote anayetaka kupima faida na hasara ya ufundi mpya ni lazima akumbuke mambo hayo mawili pamoja.

KAZI ILIYOFANYWA KITALE

Elimu ya mbegu chotara ilianzia Marekani. Mwaka 1908 mtaalamu mmoja aitwaye George Shull alieleza jambo lililowashangaza wenziwe. Mahindi yakilazimishwa kujizalia yenyewe kizazi baada ya kizazi hudhoofika, lakini koo mbili zilizodhoofika hivyo zikichanganywa, watoto wao hutoka na nguvu zinazowapita wazazi wote wawili. Miaka kumi hivi baadaye Donald Jones alivumbua njia ya kuchanganya koo nne badala ya mbili, na hapo mbegu hizo zikaweza kutolewa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ambayo mkulima angeweza kulipa. Katika miaka ya 1930 wakulima wa jimbo la Iowa waliziacha mbegu zao za zamani, wakashika hizo mpya.

Huko Kitale kazi ya kutafuta mahindi bora ilianza mwaka 1955, chini ya mtaalamu Michael Harrison. Kitale iko karibu na ikweta, na juu ya bahari ni zaidi ya futi 6,000; mbegu za Iowa, penye majira ya baridi kali, hazingefaa hapo. Kwa hiyo mbegu zilitafutwa katika nchi nyingine za milimani zilizo karibu na ikweta, na mojawapo ilipatikana Ecuador, nchi ambayo jina lake lenyewe maana yake ni ikweta. Mahindi hayo ya Ecuador yalichanganywa na mahindi bora ya Kitale yaliyokuwa yametolewa kwa wakulima mwaka 1961. Mtoto aliyezaliwa alipewa jina la H611, naye akatolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mavuno yake yaliyapita yale ya mzazi wake wa Kitale kwa karibu sehemu 40 katika mia.

Anayetaka kuielewa kazi hiyo na akumbuke kwamba kila mmea wa mahindi una sehemu ya kiume na sehemu ya kike. Juu kabisa ni mbelewele, zinazotoa unga mwembamba unaopeperushwa na upepo. Chini yake ni ndevu za hindi, zinazoupokea unga huo. Katika shamba la mbegu koo mbili hupandwa kwa mistari, ukoo huu kando ya ule. Kabla unga haujatoka, wafanya kazi hupita wakizing'oa mbelewele zote za ukoo mmoja, ili mimea ya ukoo huo ipokee unga wa ukoo wa pili tu. Punje zitakazovunwa katika mistari iliyong'olewa mbelewele ndizo mbegu chotara.

Sasa lipo jambo moja ambalo kila mkulima amelijua kwa kuliona. Nguvu ya mbegu hiyo hukaa katika mavuno ya kwanza. Mtu akizitwaa punje alizovuna na kuzipanda tena, zitaota na kuzaa, lakini hazitafanana: mmea mmoja utakuwa mrefu, wa pili mfupi, na mavuno yatapungua. Kwa hiyo anayetaka nguvu ile ile hana budi kurudi dukani kila mwaka. Sharti hili halikuandikwa karatasini, wala halikutungwa barazani. Limo ndani ya punje yenyewe. Na hivyo ndivyo zilivyo tabia za vyombo vingi: huja na masharti yake tumboni, na anayekipokea chombo huyapokea masharti pia, ajue asijue.

FAIDA ILIYOONEKANA

Wakulima hawakuhitaji kuhubiriwa sana. Kampuni ya mbegu iitwayo Kenya Seed Company, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho, ndiyo iliyoshika kazi ya kuzalisha mbegu hizo na kuzisambaza mpaka katika maduka madogo ya vijijini. Mabwana Shamba walipanda mashamba ya mfano kando ya njia, ili kila apitaye ajionee mwenyewe. Mtu aliyeona ekari ya jirani yake imezaa kuliko yake hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Mchunguzi John Gerhart, ambaye taarifa yake ilitolewa mwaka 1975, alionyesha kwamba wakulima wadogo wa magharibi ya Kenya waliikubali mbegu chotara upesi kuliko hata wakulima wa Iowa walivyoikubali katika siku zao. Jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila anayedai kwamba mkulima wa Kiafrika hukataa mambo mapya. Hakatai, hungoja kuona faida. Na faida ilikuwapo. Nyumba iliyopata ziada iliuza, na kwa fedha hizo ililipa karo, ikanunua mabati, ikaongeza ng'ombe.

CHOMBO HAKIJI PEKE YAKE

Lakini mgeni huyu hakuja peke yake, bali alifuatana na wenziwe. Mbegu chotara ilitaka mbolea, kwa maana mmea unaozaa sana hula sana. Ilitaka kupandwa mapema, mvua za kwanza zinapoanguka, na kupaliliwa kwa wakati wake. Ilitaka barabara ya kulifikia duka, na barabara ya kuufikia mnunuzi. Zaidi ya yote ilitaka fedha taslimu, tena ilizitaka katika miezi ile ambayo mkulima hana fedha. Januari shule hufunguliwa na karo hudaiwa. Machi mbegu na mbolea zadaiwa. Mavuno ya nyanda za juu yako mbali, mwishoni mwa mwaka. Basi majirani wawili, wenye udongo mmoja na mvua moja, waweza kutengana kwa sababu ya shilingi chache tu katika mwezi wa Machi. Mmoja hupanda mbegu halisi na mbolea siku inayofaa. Mwenziwe huchelewa, au huokota punje za ghalani akapanda hizo. Mwaka ukiisha mmoja ana ziada na mwingine ana deni. Zamani kilichowatofautisha kilikuwa bidii na bahati ya mvua. Siku hizi wa tatu ameongezeka, naye ni mfuko wa fedha.

Badiliko la pili lilikuja kimya. Yale maarifa ya mama wa nyumba, ya kuchagua na kuhifadhi, yalipungua thamani yake. Kazi ya kuchagua ilitoka mkononi mwake ikahamia kwa wataalamu, kwa kampuni na kwa mwenye duka. Na kwa kuwa mbegu sasa ilinunuliwa, shauri lake lilimwendea yule mwenye kushika fedha, ambaye katika nyumba nyingi alikuwa mume. Hakuna aliyekusudia jambo hilo. Hakuna mtaalamu wa Kitale aliyekaa akafikiri jinsi ya kumpunguzia mama heshima yake. Lakini lilitokea, kwa sababu chombo kipya mara nyingi hakiondoi kazi tu. Huhamisha maarifa kutoka mikono hii kwenda mikono ile, na pamoja na maarifa huhamisha uwezo wa kuamua.

Badiliko la tatu ni la uaminifu. Mama aliyeyaning'iniza mahindi yake jikoni aliijua mbegu yake tangu ilipokuwa shambani. Mwenye kununua dukani huona mfuko uliofungwa na punje zilizotiwa dawa yenye rangi, basi. Hawezi kwa macho yake kutambua kama ni mbegu halisi au ni mahindi ya kusagwa yaliyopakwa rangi na mlaghai. Ukweli hujulikana majuma kadha baadaye, mvua ikiwa imekwisha kupita na fedha zimekwisha kutumika, wala saa hiyo hairudi. Kwa sababu ya udanganyifu huo imekuwa lazima kuwe na wakaguzi. Shirika la Serikali la kukagua afya ya mimea, lijulikanalo kama KEPHIS, liliundwa mwaka 1996, na miaka ya karibuni mifuko ya mbegu imebandikwa kibandiko chenye namba iliyofichwa, ambayo mnunuzi huikwangua na kuituma kwa simu ili ajibiwe kama mbegu ni halali. Yafaa kuangalia jinsi mambo yanavyofuatana: chombo kimoja kimehitaji chombo cha pili cha kukilinda, na cha pili kimehitaji simu. Asiye na simu, au asiyejua kusoma, amebaki nyuma hatua mbili.

ONYO LA BOMET

Mwaka 2011 wakulima wa Bomet waliona jambo ambalo hawakupata kuliona. Mahindi yao yaligeuka rangi ya manjano kuanzia majani ya katikati, yakakauka yangali machanga, na yale yaliyozaa yalitoa mahindi yenye punje chache au magunzi matupu. Wataalamu waligundua kwamba ni virusi vya namna mbili vilivyokutana katika mmea mmoja, navyo huchukuliwa na wadudu wadogo kutoka shamba hata shamba. Ugonjwa ukaenea katika wilaya nyingine na kuvuka mipaka ya nchi.

Haitakuwa haki kuitwika mbegu chotara lawama yote, kwa kuwa hata mbegu nyingi za kienyeji hazikupona. Funzo la Bomet ni pana zaidi. Katika vizazi vichache nchi nzima ilikuwa imeweka chakula chake katika mmea mmoja, kwa sababu mmea huo ndio uliotafutiwa mbegu bora, mbolea, duka na soko. Mkulima aliyekuwa na viazi na maharagwe kando ya mahindi yake alipata cha kuwapa watoto. Asiyekuwa na kitu ila mahindi alikwenda kununua unga. Mwaka 2013 kituo cha kuzijaribu mbegu dhidi ya ugonjwa huo kilifunguliwa Naivasha, na mbegu zinazostahimili zikaanza kutafutwa humo. Basi ufundi ulileta hatari, na ufundi huo huo ukaitwa kuja kuiondoa.

UFUNDI HUCHAGULIWA

Baada ya hayo mtu aweza kusema kwamba hakuna la kufanya. Chombo kikija kimekuja, na kazi ya mkulima ni kufuata. Kusema hivyo ni kukosea, na ushahidi wake si wa mbali. Wakati ule ule Kitale ilipokuwa ikishughulika na mbegu za nchi yenye mvua nyingi, wataalamu wengine walikuwa Katumani, karibu na Machakos, wakiwafikiria wakulima wa nchi kavu. Wao hawakutafuta kwanza wingi wa mavuno, bali mahindi yanayowahi kukomaa kabla mvua haijakatika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walitoa mbegu ya Katumani, ambayo huwa tayari kwa muda wa miezi mitatu au minne, hali mahindi ya Kitale huchukua sita au zaidi. Tena mbegu hiyo si chotara ya namna ya Kitale. Mkulima aweza kuchagua mahindi yaliyo bora katika shamba lake na kuyapanda tena misimu kadha, mradi shamba liwe mbali na mahindi ya namna nyingine.

Mavuno ya Katumani ni madogo kuliko ya Kitale mahali penye mvua ya kutosha. Lakini mwenye shamba katika nchi kavu amepata chombo kinachoyajua matatizo yake, na mbegu imebaki nyumbani mwake. Elimu ni moja na nchi ni moja, lakini vyombo viwili vimetofautiana, kwa sababu watu waliovitengeneza waliuliza maswali tofauti. Ufundi haushuki kutoka mbinguni kama mvua. Nyuma ya kila chombo yuko mtu aliyeamua kitafanya kazi gani, na kwa faida ya nani.

Kwa hiyo yafaa mkulima mwenye akili, kila aletewapo kitu kipya, asiulize tu, “Kitanipa nini?” Aulize pia, “Kitanitaka nini kila mwaka? Ni nani atakayejua kukitengeneza kikiharibika? Na siku duka likifungwa, nitabaki na nini mkononi?” Maswali hayo yamhusu karani pia. Ofisi iliyoyatia mafaili yake yote katika kompyuta hufanya kazi upesi kuliko ya zamani, na hakuna anayetaka kurudi kwenye makabati ya vumbi. Lakini umeme ukizimika, karani aliyesahau kuweka hesabu kwa kalamu hukaa mikono mitupu sawasawa na mkulima aliyekosa mbegu mwezi wa Machi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na tena wakasema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hizo hazimzuii mtu kununua mbegu ya Kitale. Mwenye kufaidika nayo na aendelee, aweke fedha zake za mbegu mara baada ya mavuno kabla hazijaliwa na mambo mengine, adai risiti, na autunze mfuko mtupu mpaka mahindi yatakapoota, ili apate ushahidi akidanganywa. Lakini asilime mahindi peke yake. Aweke mistari ya wimbi, maharagwe au viazi vitamu, na mbegu za hayo azichague yeye mwenyewe na mkewe, waziweke nyumbani, na kuwafundisha watoto wao jinsi ya kuzichagua. Mbegu za kununua zaweza kupatikana mwaka ujao kama fedha zipo. Maarifa ya kuchagua mbegu, yakipotea katika nyumba kwa kizazi kimoja, hayauzwi katika duka lolote.